Hodi ya Nyundo

Mimi fundi bati, Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani.
Ukisikia debe linalia kabla jua halijakaa sawa, ni mimi:
makarai, ndoo, majiko ya mkaa.
Miaka ishirini na mbili nagonga,
na aliyewahi kunilalamikia ni mtoto mchanga tu.

Hemedi Shekue alirudi kutoka Kongo Mfunguo Nne.
Tulimpokea tunavyojua kupokea:
turubai njia nzima, pilau sufuria tatu,
mwenyekiti wa mtaa akasema "shujaa" mara tisa
(nilihesabu, njaa ilikuwa inaniuma).
Vijana wakamzonga: Umeua wangapi?
Hemedi akatazama sahani yake
kama mtu anayesoma barua ya kuitwa mahakamani.

Tukadhani tumemaliza. Mtu kaja, kala, kapongezwa.
Tanga hii husemwa waja leo, waondoka leo;
hatukujua mtu aweza kuja leo
akafika mwakani.

Jumatatu nikaweka bati juu ya chuma.
Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta.
Upande wa pili wa ukuta ndoo ikaanguka.
Nikachungulia: Hemedi kalala kifudifudi
ndani ya mtaro wa maji machafu,
mikono kisogoni, midomo ikitaja majina
yasiyo ya mtaa huu.
Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.
Nilidhani kateleza.

Kidawa mkewe hakunigombeza. Ingekuwa nafuu.
Alikuja jioni na kanga yake ya kazi,
akasimama mlangoni:
"Mwamba ngoma huvutia kwake, Fundi.
Najua riziki yako iko kwenye nyundo.
Naomba tu, asisikie ghafla."

Asisikie ghafla.
Nililala na neno hilo, likanichoma ubavu.

Asubuhi, kabla ya kazi, nikaenda ukutani,
nikagusa tofali kwa mpini wa nyundo,
polepole, mara tatu.
"Hodi," nikasema. Najiona mwehu,
mtu mzima nazipigia hodi kelele zangu.
Kimya. Kirefu. Nikasikia kuku akijikuna.
Halafu, sauti ya mtu aliyefukiwa:
"Karibu."
Ndipo nikaanza.

Mambo haya hayatangazwi, ila mtaa una masikio.
Bi Mwanahamisi alipomwoza binti yake
alituma mtoto mapema: fataki baada ya isha, tatu tu,
na kwa shangazi Pongwe kitanda kimetandikwa
kwa anayetaka kulala huko.
Ngomelo, karani mstaafu wa reli,
asiyempa mtu hata njiti ya kiberiti,
alikwenda naye mara nne kufuatilia mafao;
yeye kwenye foleni, Hemedi nje penye hewa.
Wanawake wa upatu wakampa Kidawa zamu ya kwanza,
wakasingizia kura.
Na vijana? Waliambiwa na mama zao
swali lile likirudiwa, hakuna ugali.

Sisemi amepona. Mtu si ndoo.
Tundu la ndoo mimi naliziba kwa risasi ya kuyeyusha,
na hata jina hilo nimelitoa karakanani;
siku hizi nasema lehemu,
mwanafunzi wangu anacheka, simwelezi.
Kuna usiku taa yake huwaka mpaka adhana.
Nikitoka uani nikaiona, nawasha na yangu,
basi tu,
ajue si yeye peke yake aliye macho.

Juzi homa ilinilaza.
Saa tatu ikapita, ya nne ikaingia,
bati limelala, nyundo imelala.
Ukuta ukagongwa.
Polepole. Mara tatu.
"Hodi, Fundi.
Leo hugongi?"